Shajara ya Taran: kumfundisha kobi kuvuta kigari

7 Oktoba

Mradi unaanza leo rasmi, ingawa farasi mwenyewe hajapewa taarifa. Lengo ni Taran, kobi wa Welisi wa miaka minne na nusu, avute kigari cha magurudumu mawili kutoka zizini kwetu mpaka barabara ya pwani na kurudi, bila vituko. Nimejipa miezi mitatu. Tad-cu alipoisikia hesabu hiyo alitazama dirishani kwa muda, kisha akaomba chai nyingine.

Tad-cu ni baba mkwe wangu. Neno lenyewe ni Kiwelisi cha kusini, maana yake babu. Wanangu wanamwita hivyo na mimi nikafuata, kama kwetu Lamu mtu anavyomwita mkwewe kwa kinywa cha watoto. Amefuga kobi tangu utotoni hapa Ceredigion, magharibi mwa Welisi. Ametupatia sisi Taran, yaani ngurumo, kwa sababu magoti yake hayamruhusu tena kukimbizana na farasi mchanga.

Nilipompigia mama simu kumwambia nimepewa kobi, alinyamaza kidogo, akauliza, "Kobe? Kwenye baridi hiyo ataishi vipi, mwanangu?" Ilinichukua dakika kumi kumweleza kwamba si yule wa gamba. Basi na wewe msomaji nikueleze mapema: kobi ni farasi mfupi, wa mwili mnene na nguvu nyingi. Chama cha farasi wa Welisi kilianzishwa 1901, na kitabu chao cha ukoo kina makundi manne. A ni farasi mdogo wa milimani, B ni mdogo wa kupanda, C ni mdogo mwenye umbo la kobi, na D ndiye kobi mwenyewe: anazidi sentimita 137 begani, na juu hakuna mpaka. Rangi yoyote inakubalika ila mabaka makubwa ya ng'ombe. Taran ana sentimita 147, ni wa kahawia nyekundu, singa na mkia vyeusi, miguuni ana manyoya laini kama shali. Binti yangu wa miaka tisa anasema ile D ni ya "draig", joka kwa Kiwelisi. Mimi, nikitazama risiti za fundi wa kwato, naona ni D ya deni.

Ana pasipoti, kwa kuwa sheria ya hapa inamtaka kila farasi awe nayo, na kifaa kidogo cha utambulisho ndani ya shingo. Aliipata bila kuhojiwa. Mimi yangu najua nilivyoipata.

Neno moja la lugha kabla sijaendelea. Mwendo ule wa kati, ambao miguu hugonga mbili-mbili kwa mshazari, nitauita telki, na mbio nitaziita shoti. Ndivyo nilivyosikia kwa wapanda punda wa kwetu. Kamusi za zamani zina neno jingine kwa huo wa kati, lakini nikiliandika hapa vijana hawatamaliza kusoma kwa kicheko.

15 Oktoba

Wiki nzima sijafundisha chochote. Nimekuwa nikinunua makomeo.

Siku ya kwanza nilimkuta kwenye ghala la chakula. Nikadhani nilisahau kufunga. Siku ya pili nikamkuta palepale. Siku ya tatu nikajificha nyuma ya trekta na kumtazama: alilamba komeo, akalinyanyua kwa mdomo wa juu, akalivuta pembeni taratibu kama mtu anayefungua dirisha usiku asiwaamshe wenyewe. Kisha hakutoka. Alisimama mlangoni kwanza, akaangalia kushoto na kulia, ndipo akaenda zake. Tad-cu akaniuliza kwa nini sikuweka komeo la chini, lile la kusukuma kwa mguu, ambalo kila mwenye kobi analo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakutaka kuniharibia starehe ya kugundua.

Sasa kuna makomeo mawili, juu na chini. Taran analilamba la juu kila asubuhi, nadhani kwa kumbukumbu tu.

2 Novemba

Hatamu ndefu. Huu ni ufundi wa kumwendesha farasi ukitembea nyuma yake, kamba mbili ndefu zikitoka kwenye lijamu, kupitia ubavuni hadi mikononi mwako. Ndivyo anavyozoea sauti kutoka nyuma kabla hajafungwa kwenye gari.

Siku ya kwanza alielewa kwenda, kusimama, kulia na kushoto. Sitanii, siku moja. Punda niliokua nao walihitaji wiki, na wengine hawakuwahi kuona sababu. Siku ya pili alifanya yote vizuri zaidi. Nikampigia simu shemeji yangu kujisifu.

Siku ya tatu aliongeza ya kwake. Nikisema simama, anasimama, kisha anarudi nyuma hatua mbili. Nikisema kulia, anakwenda kulia lakini akikunja shingo kama madume wa kwenye picha. Siku ya nne hakutaka kitu. Alisimama katikati ya uwanja, akageuza shingo, akanitazama kwa jicho moja. Nikamhimiza kwa sauti. Akapiga chafya.

Wenye kobi wote niliozungumza nao wanatoa maelezo yaleyale, kila mmoja akidhani ni ya farasi wake peke yake: anajifunza jambo kwa mara mbili, na ya tatu anaanza kulirekebisha. Ubaya ni kwamba hata makosa anajifunza kwa mara mbili. Nimemwachia mara mbili anivute kuelekea majani yaliyo kando ya lango, na sasa hapo ni kituo cha lazima.

19 Novemba

Upepo wa baharini. Sina mengi ya mafunzo ya kuandika, ila hili la pipa.

Kwenye njia yetu hupita lori la maziwa, trekta zenye mikono ya kukata vichaka, na ndege za kijeshi zinazopita chini mpaka sahani zinatetemeka kabatini. Taran hawajali. Lori la maziwa analisogelea alinuse. Leo tulifika kwa jirani, pipa la taka limegeuzwa. Halikuongezwa wala kuondolewa, limegeuzwa tu, mpini ukiangalia upande mwingine.

Aliinuka. Sina namna nyingine ya kulieleza. Shingo ilipanda, mkia ukasimama juu ya mgongo kama bendera, mbavu zikajaa, na nikaona nimeshika farasi mwingine mkubwa kuliko yule niliyetoka naye. Kisha akatoa ile sauti, mpulizo wa pua wenye mkoromo ndani yake unaosikika hadi shamba la pili. Binti yangu akasema, "Baba, si nilikuambia ni joka."

Nikafanya kosa la mgeni. Nilimzungushia pipa lile mara saba ili "azoee". Kila mzunguko alikuwa mrefu zaidi na mkoromo mkali zaidi. Nikimwangalia sasa kwa akili iliyopoa, kuanzia mzunguko wa tatu hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa anafurahia. Alikuwa ameshapata watazamaji.

10 Desemba

Matope. Manyoya ya miguuni ni mazuri kwenye maonyesho. Mwezi wa Desemba ni vitambaa vya kudekia. Kuosha, kukausha, kukagua ngozi chini ya manyoya kama kuna vigaga. Kila siku. Mradi umesimama.

6 Januari

Miezi mitatu imekwisha jana. Kigari kimo bandani, kimefunikwa turubai, panya wameanza kuzaa kwenye kiti.

Nieleze tulipokwama. Baada ya hatamu ndefu huja matandiko ya kuvutia: mkanda wa kifuani, mikanda ya ubavuni, mkanda wa nyuma unaozuia gari lisimgonge kwenye mteremko, na vidoto vya ngozi pembeni mwa macho. (Nimefurahi kupata kazi ya neno kidoto. Bibi yangu alilitumia kwa ngamia wa kinu cha mafuta na sikudhani nitalihitaji Welisi.) Yote hayo aliyavaa bila neno. Kisha ikaja zamu ya tairi kuukuu, la kuburuta nyuma kwa kamba azoee uzito na kelele.

Akaburuta mizunguko miwili uwanjani, akagoma. Nikaamua ni hofu ya kelele. Nikatumia wiki tatu kumzoesha kelele: mabati, minyororo, redio, binti yangu na sufuria. Akila nyasi kavu alisikiliza yote hayo bila kuinua kichwa. Nikimfunga tairi, mizunguko miwili, anagoma.

Kwetu husemwa punda afe mzigo ufike. Kobi ana mawazo mengine kuhusu nani afe.

Jana, kwa hasira zaidi kuliko maarifa, nilifungua lango nikamtoa na tairi lake njiani, nikitembea nyuma. Masikio yakasimama. Akashika njia kama mtu aliyechelewa basi. Tulipanda kilima, tukapita kwa jirani (pipa lilikuwa limekaa sawa, akaliangalia na kuliruhusu), tukafika njia panda, tukarudi. Kilomita tatu na tairi, mimi nikihema nyuma yake. Hakugoma hata mara moja.

Hakuwa anaogopa tairi. Alikuwa anauliza linakwenda wapi.

Nilimsimulia Tad-cu usiku. Akanieleza nilichopaswa kukijua. Kabla leseni za madume wa kuzalishia hazijaanza mwaka 1918, kobi dume alichaguliwa kwa mashindano ya telki barabarani. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya njia ya Cardiff hadi Dowlais, maili 35 za kupanda, na farasi mzuri alitakiwa kuimaliza ndani ya saa tatu. Mkulima alikuwa na farasi mmoja tu: wa jembe siku za kazi, wa kigari siku ya soko, wa kanisani Jumapili. Wauza maziwa waliohamia London walikwenda nao. Daktari alimtegemea usiku. Kila anayemhitaji alikuwa na mahali pa kwenda, na haraka. Wakazaliana wale waliopenda kufika. "Halafu wewe," akasema, "umemchukua mtoto wa watu hao ukamzungusha uwanjani kama saa."

Mama mkwe, aliyekuwa akifuma, alisema hayo yote ni maneno. Farasi anapenda kwenda kwa sababu akirudi anapewa chakula. Sijaweza kumpinga.

11 Februari

Uzito kwa utepe: kilo 528. Halishwi nafaka hata punje. Hawa ni farasi wa milima ya mvua na majani makavu, mwili wao unaweka akiba kwa kila kinachopita mdomoni. Daktari wa mifugo alipapasa mafuta juu ya shingo, akatikisa kichwa. Anachokihofia ni ule ugonjwa wa kuvimba ndani ya kwato ambao huwapata farasi wanene, hasa majani mapya yakianza kujaa sukari. Nyasi kavu sasa naziloweka majini kwanza kupunguza sukari. Taran anazila akinitazama.

17 Machi

Nimemfunga kwenye kigari kwa mara ya kwanza na nimeharibu.

Kosa ni langu lote, nataka liandikwe hivyo. Kila kitu kilikuwa kimeandaliwa kwa wiki kadhaa: miti miwili mirefu imemgusa ubavuni kila siku hadi hakujali, kigari kimevutwa na watu nyuma yake, mbele yake, pembeni. Leo Tad-cu alishika kichwa, mimi nikaleta kigari, tukafunga. Alisimama kama nguzo. Tukamwongoza hatua ishirini kuelekea lango la jirani, tukasimama. Pale pana mteremko mdogo. Nilikuwa sijakaza sawasawa mkanda wa nyuma. Kigari kikasogea chenyewe, ubao wa mbele ukamgonga visigino.

Alipiga mateke mawili. Ubao ukavunjika. Kisha, jambo ambalo nimelifikiria jioni nzima, akasimama. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, lijamu linalia mdomoni, lakini alisimama na kumsubiri Tad-cu amfungue. Hakukimbia. Farasi wengi wangekimbia, na kigari kikiwa nyuma yao hawasimami mpaka wamekiharibu au wamejiharibu.

Nilizoea kumdhihaki kwa vituko vyake vya mapipa. Hofu ya kweli nimeiona leo, na haikuwa na mkoromo wala mkia juu. Ilikuwa kimya. Masikio yalilala pembeni, mgongo ukawa mdogo. Joka lote lilitoweka, akabaki mtoto.

Tad-cu hakunilaumu. Aliukaza mkanda ule mkononi mwake mara mbili tatu kuniona kama naangalia, akautundika.

30 Machi

Haniangalii. Nikiingia zizini ananigeuzia matako. Akisikia gari la mke wangu likiingia uani, analia kwa furaha hadi madirisha yanajibu. Likiingia langu, kimya. Wenye kobi wanasema huchagua mtu mmoja, na ukimkosea anakufungulia faili. Nilidhani ni maneno ya wapenzi wa farasi.

Nimeanza upya. Dakika kumi kwa siku, kumchana tu na kumkuna chini ya singa. Hakuna matandiko.

Siku ya tisa aliweka kidevu begani mwangu, akakiacha hapo. Kizito. Halafu akachukua kofia yangu, akaiangusha kwenye maji.

27 Aprili

Jumamosi ya Shayiri, mjini Cardigan. Kila mwaka Jumamosi ya mwisho ya Aprili mji hufunga barabara na wafugaji huleta madume. Asili yake ni sherehe ya kumaliza kupanda shayiri, na mwanzo wake ni 1871. Baada ya hukumu uwanjani, farasi hupitishwa katikati ya mji, watu wamejipanga pande zote mbili, watoto mabegani.

Nilikwenda nikiwa na swali moja: hawa madume wanawezaje? Mtu aliyeshika kamba anakimbia kwa nguvu zake zote na bado anaonekana anavutwa. Farasi anarusha magoti juu, mguu wa mbele unanyooka kabla haujagusa lami, nyuma anasukuma kama bawaba. Makelele, vigelegele vya kwao, pikipiki, bendera. Sikuona hata mmoja akishtuka. Lakini nilimwona mmoja, mweusi, dume la haja, akiwa anasubiri zamu yake pasipo na mtu wa kumwangalia. Kulikuwa na mfuniko wa mtaro barabarani. Akaukoromea.

Nilirudi nyumbani nimefarijika kupita kiasi.

20 Mei

Usubi. Wadudu hawa, wadogo kuliko herufi, hutoka alfajiri na jioni, na kobi ni miongoni mwa farasi ambao ngozi zao huwachukia. Akiumwa anajikuna kwenye nguzo mpaka singa zinang'oka. Sasa amevaa shuka zima, kutoka masikioni hadi mkiani, mistari myeupe na myeusi. Mama alipoona picha alinipigia: "Sasa punda milia?"

Pia amevalishwa kifuniko cha mdomo, kikapu chenye tundu dogo chini, ili majani ya Mei ayapate kwa kidogo. Alikivua siku ya pili. Sijui kwa njia gani. Nilikikuta ndani ya birika la maji, kimezama, kamba zote zimefungwa bado. Uzito: kilo 509. Kwa hiyo, kwa hisani yake, analazimika kukivaa kila siku na kukivua kila siku, na katikati hapo anapungua.

9 Juni

Tumerudi kwenye kigari. Ubao mpya, mkanda wa nyuma mpya, nimeukaza na kuukagua mara tatu kama mtu anayehesabu fedha za msiba.

Safari hii sikuanzia uwanjani. Nilijiuliza, farasi huyu anataka nini, nikampa: njia. Tulimfunga nje ya lango akiwa ameelekea kilimani. Kupanda ni salama zaidi hata kwa mkanda, kigari hakiwezi kumkimbilia. Tad-cu kichwani, mimi pembeni na hatamu, kiti kitupu. Mita mia ya kwanza alikwenda kama anayekanyaga mayai. Sikio moja mbele, moja nyuma kwenye kigari. Mita mia ya pili, masikio yote mbele. Juu kilimani akaomba telki. Namna anavyoomba: anajaza kifua, anasukuma lijamu kidogo, anasubiri. Sikumpa. Akaomba tena. Tad-cu akasema, "Akikuomba mara mbili kwa adabu, mjibu."

Nikapanda kitini, nikampa.

Nimewahi kupanda jahazi lenye tanga limejaa, pepo za kusi, kutoka Lamu kwenda Pate. Ni hivyo, ila hili lina sauti, mbili-mbili, mbili-mbili, na mkia mweusi unaopepea mbele ya magoti yako.

Ukimtaka aongeze, hatoki telki kuingia shoti. Anapanua telki ile ile, hatua ndefu zaidi, juu zaidi, mpaka unashangaa miguu inatoka wapi. Wanaowapanda kobi hulalamika kwamba shoti wanaifundisha kwa jasho. Mimi wa kigari sina malalamiko.

24 Julai

Llanelwedd, maonyesho ya kifalme ya Welisi. Jumatano ni siku ya kobi. Mama mkwe alitutayarishia mikate na kutuonya tusirudi na farasi.

Viti vilijaa mapema. Kikombe kikuu, kilichotolewa na George, Mwana wa Mfalme, mwaka 1908, bado ndicho kinachogombewa. Madume wanapoingia kwa mbio uwanja mzima unanguruma, kama uwanja wa mpira kwetu Mombasa timu ya nyumbani ikipata penalti, na wazee waliokuja na fimbo wanazisahau. Tad-cu hakuketi kwa saa mbili. Magoti yale yale.

Karibu nasi alikaa mama mmoja wa makamo, mwenye kobi jike wa miaka 26. Nilimuuliza wanatulia wakiwa na miaka mingapi. Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Saba," akasema. Kisha, "Hapana. Wangu hajatulia." Jike lile bado linatupa ndoo likiona chakula kimechelewa dakika tano. Akanifundisha jambo moja ambalo nimeanza kulifanya: asubuhi ya upepo, usimwache asimame eti apoe. Mpe kazi ya akili mara moja, geuka huku, rudi nyuma, pita kati ya mawe mawili. Moto hauzimiki kwa kuutazama. Ukiuwekea sufuria unapika.

Kurudi tulipita Aberaeron tupate samaki. Pale kwenye uwanja wa Alban kuna sanamu ya kobi dume, ukubwa halisi, imesimama tangu 2005. Binti yangu aliikagua miguu yote minne, akatangaza kwamba angalau huyu hafungui makomeo.

18 Agosti

Majaribio mafupi mafupi, kilomita mbili, tatu, tano. Nimepunguza kuandika kwa sababu mambo yanakwenda.

Tatizo moja. Tukimwona farasi mwingine mbele yetu njiani, Taran hawezi kuvumilia. Hakimbii, hapigi mateke, ila anarefuka. Hatua inakua, mikono yangu inawaka moto, na hakubali kutembea mpaka tumempita, hata kama ni farasi wa watalii anayepiga miayo. Tukishampita anapunguza mwenyewe, anashusha pumzi, anakuwa mpole kabisa. Ni yale mashindano ya barabarani aliyoyasema Tad-cu, yapo bado kwenye damu, na hakuna aliyemwambia kwamba yameisha. Sijapata dawa. Nachagua saa za kutoka.

1 Septemba

Njia yote leo. Zizini hadi barabara ya pwani na kurudi, kilomita kumi na moja na nusu, saa moja na dakika kumi pamoja na kusimama kuangalia bahari. Mimi kitini, binti yangu pembeni, Tad-cu akifuata na gari dogo akiwa amewasha taa za dharura. Miezi kumi na moja badala ya mitatu.

Lori la maziwa lilitukuta kwenye njia nyembamba, Taran akajisogeza ukingoni mwenyewe kulipisha. Dereva akapunga mkono. Mbwa wawili walibweka kutoka kwenye lango wakaachwa wakibweka. Kwenye mteremko mrefu kabla ya bahari niliusikia mkanda wa nyuma ukikaza, nikabana pumzi, naye akajikalisha nyuma kidogo kuuzuia uzito wa kigari, hatua moja baada ya nyingine, sikio moja kwangu.

Kurudi tukafika kwa jirani. Lile pipa halikuwepo, siku ya taka lilikuwa limepelekwa barabarani. Mahali pake pamebaki duara la majani ya njano. Taran akasimama. Akaliangalia duara. Akajaza kifua, mkia ukapanda, akakoroma hadi kunguru wakaruka kwenye mti. Akasubiri. Binti yangu akampigia makofi.

Ndipo akashusha mkia, akaomba telki.

Ya kufanya wiki hii: fundi wa kwato Jumanne, kuziba ufa kwenye gurudumu la kushoto, komeo la tatu.